Unyoya wa Mama Beatrice

Guangzhou, Jumanne

Afadhali angenyamaza. Nilikwenda soko la Zhanxi kununua kofia za harusi, sikwenda kupimwa.

Mama Beatrice, Mkongo ninayezunguka naye sokoni, alikuwa muuguzi Lubumbashi kabla ya biashara. Leo, laoban, mwenye duka, alipoingia ndani kututafutia katoni, akaanza kuutazama mkono wangu wa kulia. Muda mrefu, mpaka nikakasirika.

“Yaya, weka mukono juu ya meza, uache tu.” Yaya kwao ni dada mkubwa.

Akachomoa unyoya kwenye kofia ya sampuli, akanichomekea katikati ya vidole. Ukatikisika kana kwamba feni inaupuliza. Feni ilikuwa imezimwa.

Akasema aliyasoma hayo shuleni, kwa Kifaransa. Madaktari wa Paris wa karne ya kumi na tisa waliwavalisha wagonjwa kofia zenye manyoya marefu, ili hata mtetemo mdogo uonekane. Ndio waliotenganisha mkono unaotetemeka ukifanya kazi na ule unaotetemeka ukipumzika, kila mmoja na ugonjwa wake.

“Sasa kamata kikombe.”

Nikakamata. Unyoya ukatulia tuli. Nikacheka kwa furaha. Yeye hakucheka.

“Uende kwa dokta,” akasema.

Nitakwenda nikifika Dar. Hapa sitaelewa hata ninachoambiwa. Au labda ni uchovu tu, wiki nzima nabeba...

Baba Salma, mume wangu, amepiga simu. Nimemwambia kofia ni nzuri.

Sasa naandika, na mkono umetulia kabisa, herufi zimenyooka. Sina la kuongeza. Lakini naogopa kuiweka kalamu chini.