Nilimwambia mke wangu natafuta nyumba, kumbe navuka daraja kubeti

Mpendwa Shangazi Trudy, naomba msaada wako na naomba jibu litoke kabla ya Alhamisi kwa sababu Alhamisi tunasaini mkataba wa nyumba, na swali langu lenyewe ni dogo tu, la kisheria: soko la kubeti michezo litaruhusiwa lini hapa kwetu Pennsylvania?

Mimi ni fundi wa lifti, naishi Port Richmond, milango mitatu kutoka kwa mama mkwe wangu Bi Halina, mwenye miaka themanini na moja, ambaye mke wangu Bernadette humpitia kila asubuhi kumpa dawa za presha, na nataka ujue mapema kwamba mimi si mcheza kamari, wacheza kamari ni wale wanaobeti na kampuni, mimi niko kwenye soko, ambako unabeti na binadamu mwenzako, unainunua timu au unaiuza, yaani unabeti kwamba itapigwa, na mchezo ukigeuka unatoka kabla haujaisha, ni akili tupu, ila soko hilo kwetu halina kibali, lipo ng'ambo ya mto, New Jersey, na simu inajua uliposimama, ukiwa upande huu inakukatalia katakata, kwa hiyo tangu Septemba kila Jumapili namwambia Bernadette lifti imekwama na watu ndani, navuka daraja la Tacony, naegesha nyuma ya duka la donati kule Palmyra, pamoja na wanaume wenzangu wa upande wetu, kila mtu na gari lake na simu yake, hatusalimiani.

Kilichoniharibia ni daraja, maana kama ujuavyo kwenda Jersey ni bure, unalipishwa kurudi, na kile kifaa cha kulipia daraja kwenye kioo cha gari kinaandika kila kitu, taarifa ya mwezi ikaja nyumbani, Bernadette akaifungua akakuta Jumapili zangu zimepangwa mstari, akaniuliza taratibu, "Mume wangu, kuna mwanamke Jersey?" na ulimi hauna mfupa, Shangazi, nikajisikia nasema, "Hapana, natafuta nyumba, nilitaka nikushtukize," akalia kwa furaha, akasema miaka yote alitamani watoto wapate bustani ila aliona mimi sitakubali kamwe, na ndani ya wiki sita amepata nyumba Palmyra, ameaga kazi yake ya jikoni shuleni, nyumba yetu imepata mnunuzi, na Bi Halina amekataa kuja, kasema aliolewa kwenye parokia hii na atazikwa kutoka parokia hii, akanishika mkono akaniambia, "Mchukue mwanangu, mradi ni kwa ajili ya watoto." Nilishindwa kumtazama usoni. Sasa kama soko litaruhusiwa huku kabla ya majira ya kuchipua, naweza kusema nimebadili mawazo, tukabaki, nikabeti hapa hapa bila kuvuka daraja, na sitalazimika kueleza chochote. Nisaidie.

Mwenye Haraka, Port Richmond

Ndugu Mwenye Haraka,

Pole. Naitoa sasa hivi maana nikishaanza sitapata tena nafasi.

Swali lako la sheria nimempelekea mwanasheria, nikiogopa nisije nikakutukana kabla ya kukuhudumia. Anasema kila jimbo lina tume yake na linatoa vibali vyake, na sheria haijali unalala wapi, inajali umesimama wapi wakati unabonyeza simu. Ng'ambo soko lipo, kwetu halipo, na litakuja lini hajui yeye, sijui mimi, na wabunge wetu wenyewe sidhani kama wanajua. Kwa hiyo unachofanya nyuma ya duka la donati ni halali kabisa. Hongera. Ndicho kitu pekee halali katika barua yako yote.

Nimekaa kando ya mto huu miaka arobaini. Nimesikia wanaume waliovuka kufuata petroli, pombe, hata nyumba ndogo. Wewe ndiye wa kwanza kunieleza kwamba unavusha makochi, watoto na mke ili simu ikukubali. Halafu si mcheza kamari! Bernadette kaacha kazi, mama mtu mzima anabaki na vidonge vyake, wewe unanihesabia tofauti ya kampuni na soko. Akili tupu, umesema mwenyewe.

Hata hivyo nakuelewa kidogo. Mke akiuliza kama kuna mwanamke, mtu hudaka uongo wowote ulio karibu. Huo wa siku ya kwanza ulikuponyoka. Wiki sita zilizofuata hazikukuponyoka, bwana. Ulikwenda ukaitazama nyumba, naamini ulipima na madirisha, na mkeo alipokushukuru ukapokea shukrani.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla ya chakula cha jioni, zima televisheni umwambie Bernadette yote, kuanzia Septemba, bila kumweleza jinsi soko linavyofanya kazi, hakuuliza. Mpe simu aifute hiyo programu mbele yako. Kesho piga ile namba ya msaada kwa wacheza kamari, imeandikwa chini kabisa ya ukurasa ule ule unaobetia, wewe hukuwahi kushuka mpaka huko. Kisha mwachie yeye aamue kama bado anaitaka bustani. Huenda anaitaka kweli, na huenda akaitaka bila wewe. Mficha uchi hazai, na wewe umeuficha vya kutosha.

Na kama unapiga hesabu ya kusaini kwanza na kusema baadaye, ifikirie Jumapili ya kwanza Palmyra. Hutakuwa na sababu ya kutoka nyumbani. Utakaa kwenye kochi na simu mkononi, halali mia kwa mia, na Bernadette atakaa pembeni yako, kamwacha mama yake ng'ambo, hana kazi ya kwenda kesho yake. Atakutazama kwanza wewe, halafu simu. Safari hiyo hatakuuliza kitu, kwa sababu atakuwa ameshaelewa alihamishwa kwa ajili ya nini.

Shangazi Trudy