Herufi za Waya

Isiolo, 9 Juni 2024

Mama Athieno,

Pokea salamu zangu. Huu ni mwezi wa nne tangu nitoke Paya. Mimi mzima, ila mgongo. Tunafunga nondo ghorofa ya tatu na jua la huku halina adabu. Simu yangu iliangukia kwenye zege, sasa ni nguzo, basi tuandikiane. Kikohozi cha Jonan kimekwisha?

Uliniambia Mwalimu Barbara anataka kumrudisha Athieno darasa la kwanza, akae benchi moja na mdogo wake Jonan. Hapana. Mtoto huyo si mjinga. Nani anajua mbuzi wa kila jirani kwa sauti tu? Herufi zinamkimbia kwenye karatasi, basi tumpe za kushika. Nimepinda waya ya kufungia nondo, a mpaka z, kama ninavyozikumbuka toka darasa la tano nilipoishia. Paddy, tanboi, yule utingo wa lori linaloleta mahindi huku, atakushushia mzigo wa herufi Busia akirudi. Kila jioni Athieno apitishe kidole juu ya herufi huku akiitaja. Usimharakishe.

Baba Athieno

Paya, 30 Juni

Baba Athieno,

Pole na kazi, pole na mgongo. Sisi wazima, Jonan amepona, mtama umechanua. Mzigo niliuchukua siku ya soko. Paddy aliniuliza, "Shemeji, mnajenga banda la kuku?"

Mtoto alizipenda herufi, hata alilala nazo mkekani. Akazijua a, m, o, s, nami nikajivuna mpaka kisimani. Halafu ikaja b. Leo anasema b, kesho d, na waya ni ile ile. Nikamwambia, "Wewe unanichezea." Akasema, "Mama, si mimi. Yenyewe inageuka." Akaitupa uani, hataki kuziona tena.

Mwisho wa muhula mwalimu atamsikiliza akisoma ukurasa mmoja. Akishindwa, ni kwa wadogo. Athieno naye anasema akipelekwa huko, shule basi, atachunga mbuzi. Nifanyeje?

Mama Athieno

Isiolo, 11 Julai

Mama Athieno,

Natumaini mmeamka salama. Mimi nimechoka tu, siumwi.

Barua yako niliisoma wakati wa chakula. Nikapinda b nyingine, nikaigeuza kiganjani. Ikawa d. Mtoto alisema kweli. Nondo ukiigeuza inabaki nondo, ndiyo maana sikuwaza.

Chukua ubao wa mlango wa zamani. Linganisheni waya na herufi za kitabu chake, kisha pigilia kila herufi kwa misumari midogo, isigeuke tena. Lakini kwanza mwombe radhi, na yangu ndani yake. Mwambie kosa la baba yake ameligundua yeye.

Baba Athieno

Paya, 17 Agosti

Baba Athieno,

Hujambo? Mgongo unasemaje? Huku tumeanza kuvuna.

Nilimwomba radhi. Akaenda kuiokota ile b uani. Mimi nikapigilia, yeye akishika misumari. Tangu hapo kila jioni kidole kwenye ubao, halafu kidole kwenye kitabu.

Jana mwalimu alimsikiliza, nami nilikuwa mlangoni. Alisoma polepole, kidole kikitembea kwenye karatasi kama vile waya bado ipo. Akakwama kwenye neno refu. Mwalimu alipotaka kumsaidia, akasema, "Subiri, Mwalimu, bado natafuta." Wenzake wakacheka. Mwalimu akasubiri. Athieno akalipata.

Kengele ililia hajafika mwisho. Mwalimu akamwambia, "Utamalizia Jumatatu, hapa hapa darasani kwako. Huendi popote." Tena mwalimu anauomba ubao wetu. Athieno kamjibu, "Huu ni wa baba. Atawapindia herufi zenu."

Mama Athieno

Isiolo, 25 Agosti

Mama Athieno,

Nawasalimu wote. Barua hiyo nimeisoma mara nyingi, mgongo nimeusahau.

Mwambie nimekubali, nitapinda za shule pia. Ukurasa ule aniwekee. Nikiingia anisomee wote, hata chai ipoe, nami sitamsaidia neno.

Zege la slabu ya mwisho tunamwaga mwezi ujao. Paddy amenipa nafasi kwenye lori. Nitegemeeni Jumamosi, tarehe 28 Septemba.

Baba Athieno