Habari Ambazo Gazeti Letu Halikuziandika

Bilele, Bukoba
Jumatano, baada ya mvua

Mama yangu,

Shikamoo. Ukishaitikia mpe na Baba shikamoo yake, na kama amelala mwamshe, maana barua hii ni ndefu na sitaki uanze kumsimulia mwanzo wakati wewe umeshafika mwisho. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaipaka kila siku, au unaikumbuka siku za harusi tu? Mimi ni mzima kabisa. Nguo nazianua mbichi kama nilivyozianika, mvua ya huku haina adabu, lakini afya ninayo na ndizi nazila. Huku ukila wali watu wanakuuliza utakula saa ngapi.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Kwenye simu wewe unaniuliza nimekula nini, nikishakujibu unampa shangazi naye aniulize nimekula nini, salio linakwisha. Safari hii nina jambo linalotaka kuelezwa kuanzia chanzo chake, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu.

Nilikwambia kwamba gazeti letu linafikiria kuacha karatasi. Basi limeacha. Siku hizi tuko kwenye tovuti tu, yaani mtu anafungua simu yake anasoma humo. Aliyeamua ni mhariri wetu, Bwana Muganyizi, na yeye ndiye ambaye mpaka leo hajaizoea. Kila asubuhi akitoka kwake Ijuganyondo, hata koti hajalivua, ananiambia, "Zuhura, nichapie tovuti." Namchapia kurasa zote, anakaa na kalamu yake nyekundu, anasahihisha, halafu ananirudishia nikabadilishe kwenye kompyuta. Sokoni nako wametukasirikia. Mama mmoja anayeuza senene, wale wadudu wa kukaanga uliosema nisikuletee kamwe, alinishika mkono akaniuliza, "Hiyo tovuti yenu, nitafungia senene?"

Lakini tatizo kubwa lilikuwa wasomaji wa nje ya mji. Walizoea gazeti liwafikie, na sasa walikuwa kimya. Bwana Muganyizi akaamua nizunguke vijijini niwaonyeshe watu namna ya kutufungua kwenye simu, akataka nianzie kijiji kimoja huko Muleba. Alisema, "Huko kuna wakala wetu wa miaka mingi, Ta Byarugaba. Yeye atakupokea kama mwanawe." Huku mzee anayeheshimika wanamwita Ta, na mama mtu mzima wanamwita Ma.

Kazi ya Ta Byarugaba, Mama, ilikuwa hii. Kila Jumapili watu wakitoka misa walikusanyika barazani kwenye duka la Ma Kokushubira, naye akavaa miwani, akafungua gazeti, akawasomea kwa sauti. Ni karani mstaafu, sauti anayo, suti anayo. Watu walikuwa wanatafuna buni kavu za kahawa, kama desturi ya huku, na kumsikiliza, na akikohoa wanamngoja. Sasa gazeti lilipokoma, wakakaa bila habari. Mimi nikajiona nawaletea neema.

Nilifika barazani Jumapili, nikapokewa vizuri. "Nyegera, waitu!" Ma Kokushubira akanikaribisha, akanipa chai na kiti cha pekee chenye mgongo. Ta Byarugaba peke yake ndiye hakufurahi.

"Mwanangu," alisema, "umechoka bure. Huku mtandao hakuna."

"Upo," akasema Ma Kokushubira. "Jana nimeongea na binti yangu wa Mwanza, na uso wake nikauona."

"Basi simu zinaharibu macho."

"Ta Byarugaba, wewe ndiye mwenye miwani hapa, na simu huna."

Watu wakacheka, nikaanza somo. Walioshika simu wakasogea, wasio na simu wakaegemea mabega ya wenye simu, na baada ya kuhangaika kidogo tovuti yetu ikafunguka. Nilijisikia vizuri, Mama, sikufichi. Niliwaambia kwamba humo hata habari za zamani tumeziweka, mtu anaandika neno, anazipata.

Hapo akaja kijana mmoja, Deusi, yeye na mkewe wamepata mtoto wa kwanza. "Dada, nitafutie ile ya kuchota maji."

"Ipi?"

"Ile ya madaktari. Kwamba mume asipomchotea maji mkewe mwenye mimba, mtoto anazaliwa mvivu."

Nilicheka nikidhani anatania. Hakuna mwingine aliyecheka. Nikamwambia, kwa wema wangu wote, kwamba habari zote zinapita mikononi mwangu na hiyo hatukuwahi kuiandika.

"Mawe!" akasema mtu nyuma, ndiyo "mama yangu!" ya huku.

Deusi akamgeukia Ta Byarugaba. "Nimechota maji mpaka mtoto amezaliwa, na bado nachota. Nimepanda kile kilima na ndoo, wenzangu wananicheka."

Sasa kila mtu akataka yake itafutwe. Akasimama Kaijage, bwana mwenye mbuzi wengi na sauti kubwa. Tangu mwaka jana anawafunga kamba kwa sababu gazeti liliandika kwamba mbuzi akila migomba ya jirani nyama yake inakuwa chungu. Nikatafuta. Hakuna. Mwenyekiti wa kwaya akauliza kwa sauti ya chini kama tungeweza kuipata ile ya kwaya yao kusifiwa mpaka Ujerumani. Nikatafuta mara mbili, Mama, kwa jinsi alivyonitazama. Hakuna. Akakaa chini kama mtu aliyepokea taarifa ya msiba.

Ta Byarugaba alivua miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni. Akaondoka bila kuaga, na yeye ambaye akikohoa watu wanamngoja, safari hii hakuna aliyempisha njia.

Nilimfuata nyumbani kwake. Nilimkuta kibanjani, ndani ya migomba yake, anapunguza majani makavu huku bado amevaa suti. Mkewe, Ma Kemilembe, alikuwa mlangoni anamenya ndizi, anacheka peke yake mpaka machozi.

"Nilimwambia," alisema. "Nilimwambia ile ya Ujerumani imezidi."

Nikamwomba mzee radhi. Nilisema sikujua. Akaendelea kukata majani, halafu akaniuliza, "Zile habari unaziandika wewe?"

"Ndiyo, nyingi ni zangu."

"Mkuu wa wilaya amewataka wananchi. Wiki ijayo, mkuu wa wilaya amewataka tena wananchi. Mwanangu, watu walikuwa wanaondoka kabla sijafungua ukurasa wa pili. Siku moja nikawatilia chumvi kidogo, wakabaki. Nikaona na mbuzi wa Kaijage wamemaliza migomba ya Ma Kokushubira, nikasema, na hilo nalo si habari?"

Nilikuja kumfariji, nikajikuta nimenuna. Hiyo ya mkuu wa wilaya, kuhusu maji, niliifanyia kazi wiki nzima! Nikamwambia ni uongo kusema gazeti limeandika kitu ambacho halikuandika, na wanaobeba lawama ni sisi.

Akakata jani jingine. Kisha akasema, "Ni kweli. Lakini mimi nikisema funga mbuzi, nani atanisikia? Mimi ni Byarugaba tu." Na hapo, Mama, hasira ikaniisha. Nilimwona mtu mzima amesimama na panga mkononi, hajui Jumapili ijayo atakaa wapi.

Nilirudi mjini, sikumweleza Bwana Muganyizi chochote, na Jumapili iliyofuata nikaenda tena. Barazani walikuwepo wote, kila mmoja na simu yake, kimya kama wako kwenye mtihani. Kaijage akasema haiwezekani kukaa hivyo, mtu asome kwa sauti. Akasoma mwenyekiti wa kwaya. Alianza, "Mkuu wa wilaya amewataka wananchi," na kabla hajafika alichowataka, watu wawili walikuwa wamesinzia, mmoja wao mimi niliyeiandika. Kisha likazuka la mbuzi. Kaijage alikuwa amewafungulia wiki nzima kwa hasira, na tayari walikuwa wamelala na kuamka kwenye migomba ya Ma Kokushubira. Wakaanza kurushiana maneno, Kihaya na Kiswahili pamoja, nami nikashika viatu vyangu tayari kuondoka.

Aliyesimama ni mke wa Deusi, mtoto mgongoni. Ni mpole yule, sikuwahi kusikia sauti yake.

"Mnalia mmedanganywa," alisema. "Gazeti la huyu dada lina maneno ya kweli, na halijanichotea ndoo hata moja. Deusi ameacha maji tangu Jumapili. Mimi naenda kumwita Ta Byarugaba."

Akaenda. Tulimngoja kwa muda, nikidhani mzee amekataa, kumbe alikuwa anatafuta tai. Alipotokea, wote wakainamia simu zao. Kaijage ndiye aliyetoa kauli, akiangalia pembeni. "Utusomee. Lakini tukubaliane. Cha gazeti useme ni cha gazeti, na chako useme ni chako."

Wakajadiliana kama watu wanaopanga mahari, wakafikia hivi: akivaa miwani, anayesema ni gazeti, akiivua, anayesema ni Byarugaba. Ma Kokushubira akampa simu yake. Mzee akavaa miwani, akasoma habari yangu ya maji yote, neno kwa neno, kwa heshima kubwa. Halafu akaivua taratibu. Baraza zima likasogea mbele. Akasema, "Kaijage. Mbuzi." Wakacheka mpaka Kaijage mwenyewe akaondoka kwenda kuwafunga.

Nilipomsimulia Bwana Muganyizi alikuna kichwa, akasema nikamrekodi yule mzee. Sasa kila Jumapili naenda Muleba, namrekodi akisoma na akivua, na tunaweka sauti yake kwenye tovuti. Tulihofu watu wa mbali hawataiona miwani, kwa hiyo anatamka mwenyewe, "Navua miwani." Watu wanaisikiliza kuliko chochote tunachoandika. Simu zinapigwa ofisini, wasomaji waliopotea wamerudi, na yule mama wa senene anaiweka kwa sauti kubwa kwenye meza yake.

Ndipo nafika kwenye jambo lenyewe. Jumapili iliyopita alivua miwani akasema kuna binti wa Tanga, mwandishi, mwenye heshima, anayejua kula ndizi bila kufundishwa, hana mchumba, na wazazi wake ni watu wepesi kuzungumza nao. Nilitaka kukikata kipande hicho. Bwana Muganyizi alikisikiliza, akatafuta kalamu nyekundu, akasema hakina kosa. Kikatoka.

Mama, kaka anatufuatilia kwenye simu, na najua hajui maana ya miwani. Akikusikilizisha, usipige vigelegele. Gazeti halikusema hayo. Sina mchumba, sijampa mtu namba ya Baba, na kama kuna wazee watatu wa Muleba wamefika hapo na mkungu wa ndizi, wakaribishe, wape maji, usiwajibu kitu. Labda kama mmoja wao ni mwalimu mrefu mwenye sauti ya taratibu. Huyo mwulize ana haraka gani, halafu uniandikie alivyojibu.

Nisalimie Baba, nisalimie kaka na umwambie afute ile sauti, nisalimie shangazi na umwambie nimeshakula, na bibi mzaa Baba umbusu mkono kwa niaba yangu. Mke wa kaka mwambie vitenge alivyoniagiza nimeviona, nachagua. Na jirani yetu fundi cherehani, usimsomee ukurasa huu wa mwisho.

Nakuombea goti na nakuombea usingizi.

Binti yako anayekupenda,
Zuhura