Kunywa Nikuone

Mwanangu Diane,

Pokea salamu zetu kutoka hapa mtaani Kabeza. Bibi yako ni mzima, na Keza ameanza kutembea, ndiyo maana barua hii naiandika kwa vipande huku ananivuta sketi. Umeniuliza nilifanyaje mwaka jana, korona ilipotufungia ndani, nisichanganyikiwe.

Kusema kweli, nilikaribia. Keza alizaliwa wakati watu hawaruhusiwi kutembeleana. Unajua kwetu mzazi huletewa uji, nyumba ikajaa wanawake na vicheko. Mimi sikuona mtu. Mtoto analia, nami namtazama tu, sina hamu hata ya kumbeba.

Siku moja jirani yetu Mama Hadija, yule mshonaji, akaweka chupa ya uji juu ya ukuta, akarudi nyuma na kusimama upande wake.

"Asante, nitakunywa baadaye," nikasema.

"Baadaye utampa nani? Uji ni wa mzazi. Kunywa nikuone!"

Nikanywa, machozi yakiingia kikombeni. Hakuniambia ninyamaze. Aliuliza tu, "Unalala wewe?" Nikamwambia yote, hata hilo la mtoto. Siku hiyo hiyo akampigia mhudumu wa afya wa mtaa, nikasaidiwa. Mpaka leo namshukuru Mungu kwamba ukuta ule ni mfupi.

Sasa chuo chenu kimefungwa kwa korona, uko peke yako chumbani, na hujaniambia kama unakula. Kesho mchana nipigie kwa video, sahani iwe mbele yako. Sikati simu mpaka umalize.

Mama yako mdogo,
Mama Keza