Maji ya Bi Zena

Jumanne, 4 Februari

Bomba kavu tena. Nimechota kisimani, nimefua, nimemwagilia asumini. Maji yetu yana chumvi kidogo, si ya chai, lakini mtaa mzima wakitegemea kisima hiki. Walio nje huchota kupitia kidirisha cha ukutani, bila kuomba ruhusa. Mama ndivyo alivyotaka.

Kaka Badi asema kuna kampuni yataka kukikodi. Watayasafisha maji, wayauze kwa kadi. Nimemwambia Mama asingekubali. Akasema Mama hayupo. Kweli, hayupo. Tangu tumzike sisikii kitu, si uchungu, si hasira.

Alhamisi, 6 Februari

Chama chetu cha wasomaji kimekutana kwetu. Watu wazima, na kazi yetu kusoma hadithi za roboti na safari za nyota. Sasa twatunga sayari yetu wenyewe. Kampuni moja yamiliki maji yote, raia wameasi, waandika katiba mpya. Ibara ya kwanza imetutoa jasho: nani ana haki ya maji?

Katana, karani wa bandarini, katetea roboti jioni nzima. Eti nao wahitaji kupoza injini. Bi Zena, jirani yetu, mwalimu mstaafu, kacheka hadi kaimati aliyotupikia mwenyewe ikampalia. "Ewe Katana, roboti umemuona wapi akitia udhu?" Mwisho yeye ndiye aliyetupa maneno: kila aliye hai ana haki ya maji bila malipo. Tumeinua mikono sote isipokuwa Katana. Amenuna.

Badi alikuwa akipita ukumbini. Bi Zena akamuuliza, "Na kisima, mwanangu?" Kajifanya kiziwi.

Jumatatu, 10 Februari

Mafundi wamekuja. Kifuniko cha chuma juu ya kisima, kufuli kubwa. Kidirisha kimezibwa kwa simiti. Nje wameweka bomba la kadi. Kadi ikikubaliwa, taa ya kijani, maji. Ikikataliwa, taa nyekundu, basi. Badi asifu. Mimi nimekosha vyombo.

Jumatano, 12 Februari

Watu waja na ndoo, waangalia simiti, wageuka. Bi Zena naye kasimama pale kitambo. Hakunilaumu. Bora angenitukana.

Ijumaa, 14 Februari

Bi Zena amefariki alfajiri. Moyo.

Wanawake tumeingia kumuosha, azikwe baada ya sala ya Ijumaa. Mabomba ya nyumbani makavu. Tukaenda kwenye la kadi. Taa nyekundu. Kadi zina pesa, mtandao ndio hakuna. Tukajaribu ya huyu, ya yule. Nyekundu. Sanda tayari, kafuri tayari, mwosha kakaa na mikono mitupu.

Nimemwambia Badi afungue kisima. Ufunguo wanao kampuni, asema, tumsubiri fundi.

"Maiti asubiri fundi? Huna haya, Badi?"

Nimepiga kelele mbele ya wanaume wote barazani. Nimeshtuka mwenyewe. Sauti ile sikuijua.

Katana alikuwepo, kaja kutupa pole. Kaenda nyumba inayojengwa huko nyuma, karudi na mtaimbo, kaligonga kufuli hadi likakatika. Ndoo ya kwanza kaivuta Badi. Bi Zena ndiye aliyemfundisha kusoma.

Mimi ndiye niliyemmwagia maji. Sikulia. Naona aibu kwamba sikulia.

Alhamisi, 20 Februari

Kampuni wampigia Badi simu tangu Jumamosi. Jana kapokea. Kawaambia waje wachukue bomba lao. Wasema watamshitaki. Kasema haya, na washitaki.

Chama kimekuja. Kaimati za kununua, hakuna aliyezigusa. Katana kaifungua katiba yetu, kasoma ibara ya kwanza. Kila aliye hai. Maneno ya Bi Zena mwenyewe, na kwa maneno hayo asingepata hata kopo moja. Katana kaomba kalamu, kaongeza: na kila maiti. Hakuna aliyebisha. Habari ya roboti hakuigusa.

Wameondoka mapema. Nje Badi agonga tindo kwenye simiti ya kidirisha, taratibu, asije akauvunja ukuta wa Mama. Jirani mmoja keshaketi kando yake na ndoo, asubiri.