Mara Tatu Bila Kukosea

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo wewe, na Mama hajambo? Mimi mzima, mikono tu ndiyo imebabuka. Dobi wetu amepata hoteli mbili mpya na mashuka ya kupiga pasi hayaishi.

Barua yako nimeipata na nimekuelewa. Juni mosi unaripoti kwenye greda lako, na kambi ya watengeneza barabara si mahali pa kumpeleka mama yetu. Anakuja kwangu. Ila chumba changu unakijua, tukilala wawili miguu ya mmoja itakuwa nje, kwa hiyo natafuta nyumba.

Maneno ya daktari sijayasahau: kichwa cha Mama kimeanza kuacha vitu njiani, lakini njia moja mpya bado anaweza kuishika, mwaka huu. Mwakani hapana. Kwa hiyo mtaa nitakaochagua ndio huohuo, hakuna kujaribu. Sitaki kumfungia ndani. Mtu aliyegawa barua kwa miguu miaka thelathini na moja, ukimfungia umemzika.

Nimeona mitaa mitatu. Wa kiwandani uko karibu na kazi yangu, lakini malori yanapita hapo usiku na mchana na madereva wake hawamjui mzee wala mtoto. Wa sokoni una kila kitu, ila ni vichochoro vitupu. Mimi mwenyewe nilipotea nikatokea nyuma ya machinjio. Wa tatu uko mwisho kabisa wa basi, saa nzima hadi kazini, lakini njia yake imenyooka. Unashuka kituo cha mwisho, unashika kulia, unapita duka la dawa, kinyozi, shule yenye ukuta wa kijani, kisha nyumba ya tano, mlango wa bluu. Huvuki barabara hata moja. Mnasemaje?

Dada yako


15 Machi

Dada,

Shikamoo. Huku tuko salama, na Mama anakusalimu. Anasema paka mikono mafuta, usione aibu ya kunuka.

Nilimsomea mitaa yako yote mitatu. Alisikiliza macho yamefumbwa, kisha akasema, "Wa mwisho huo. Njia isiyo na kona haimpotezi mgawa barua." Basi tumeshaanza. Unakumbuka posta walivyowafundisha? Njia inasemwa kwa mdomo kabla mguu haujatoka nje. Kila asubuhi ananiweka kwenye kigoda niwe msimamizi wake, na yeye anasimama mbele yangu: kituo cha mwisho, kulia, duka la dawa, kinyozi, ukuta wa kijani, ya tano. Jana aliniita kwa jina la marehemu baba mara mbili, lakini njia aliisema yote. Dada, nilitoka nje nikalia kwa furaha.

Chukua hiyo nyumba.

Mdogo wako


6 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, natumaini nyote hamjambo. Mimi sijambo.

Nimezungumza na mwenye nyumba, mama mtu mzima, mpole. Amekubali, ila ana sharti: hataki nyumba ikae tupu, wezi wameshamng'olea mabomba. Tuwe tumehamia ifikapo mwisho wa mwezi. Nilimwomba niingie mimi kwanza, lakini amri ya dobi ni kulala karibu mpaka mashuka ya hoteli yapungue, na nikigoma kazi sina. Kwa hiyo mlete Mama kabla ya tarehe thelathini, akae na wewe humo mpaka niruhusiwe.

Nimeenda tena kuhesabu milango. Ni ya tano kweli. Mwambie kinyozi ana kiti chekundu nje.

Dada yako


25 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, ila usinikasirikie.

Nilikuwa nimeshafunga mizigo. Mama akakataa kupanda basi. Anasema kwao posta hakuna aliyepewa njia kabla ya kuisema mara tatu mfululizo bila kukosea, tena mbele ya msimamizi. Jumatatu alisema sawa. Jumanne sawa. Jumatano akamweka kinyozi kabla ya duka la dawa, akajishtukia mwenyewe, akasema tuanze upya. Nilimwambia kosa hilo si kitu. Akaniuliza, "Wewe uliwahi kugawa barua?"

Ungemwona, Dada. Alikuwa Mama yuleyule wa zamani, mgongo umenyooka, anatoa amri. Sikuwa na moyo wa kumvunja. Mwombe mwenye nyumba wiki moja tu.

Mdogo wako


9 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Nyumba imekwenda.

Barua yako ilifika tarehe mbili. Nilitoka kazini na aproni yangu, nikakuta fundi bomba na mke wake wanaingiza kabati. Mwenye nyumba alinishika mkono akasema alingoja siku mbili zaidi. Sikuwa na la kumlaumu. Wewe pia sikulaumu, ningekuwa hapo ningefanya vilevile, na hilo ndilo linaloniuma.

Mtaa ule hakuna nyingine. Nimezunguka jioni zote za wiki hii, nikabisha hodi hadi kwa kinyozi. Kilichobaki ni vyumba viwili kule kiwandani. Angalau mchana nitaweza kukimbia kumwona. Mfundishe njia hii: kutoka kituoni kushoto, vuka kwenye taa, ghala, geti jeusi.

Dada yako


19 Mei

Dada,

Shikamoo. Afya zetu nzuri.

Haiingii. Nikisema kushoto anasema kulia. Nikisema ghala ananisahihisha, kwa upole kabisa, kwamba nimeruka duka la dawa. Jana nilimpigia kelele, mama yangu mzazi. Akakaa kwenye kigoda changu akaniambia nipumzike, wanafunzi wengine huchelewa kuelewa.

Asubuhi hii ameisema ile ya kwanza mara tatu bila kukosea. Alingoja nimsifu. Nikamsifu. Ningefanya nini?

Namleta tarehe ishirini na nane.

Mdogo wako


30 Julai

Mdogo wangu,

Natumaini kambini hujambo na vumbi halijakumaliza. Umeniuliza hali ya Mama, na nimeahirisha jibu wiki tatu.

Nilifunga geti. Najua nilichosema kuhusu kumfungia, usinikumbushe. Lori lilimkosa kidogo wiki ya pili, ndipo nikaanza kufunga geti nikienda kazini. Lakini mpangaji wa jirani, tunayetumia naye geti hilo, ana ufunguo, na Mama humwambia amechelewa kazini, kwa sauti ile unayoijua. Nani atabisha? Anapanda basi linaloishia kule, anashuka na wa mwisho, anashika kulia. Ameshafika kwenye mlango wa bluu mara nne. Hajapotea hata siku moja.

Mke wa fundi bomba ni mtu mwema. Anamfungulia, anampa chai, kisha ananipigia simu kwa dobi. Jana nilipofika, aliyefungua mlango ni Mama mwenyewe. Alikuwa na nguo za watoto wao mkononi, anazikunja. Alinitazama kwa adabu yake yote ya kazini.

"Karibu," akasema. "Binti yangu hajarudi kutoka kazini. Kama una haraka niachie ujumbe, nitamfikishia."

Nikamwambia sina haraka. Akanionyesha kiti, nikakaa, tukawa tunamsubiri pamoja.

Dada yako