Alama Mbili Juu ya Sabini

Jumatatu, 7 Machi

Tumerudi mahakamani. Aliua au hakuua — hilo walilimaliza miaka kumi na nne iliyopita, kwa siku tatu, wakamhukumu kifo. Safari hii wanauliza jambo moja tu: mdogo wangu Othell ni mjinga kiasi gani?

Maana sheria inasema mwenye akili pungufu asiuawe. Ahsante sana! Ila lazima apimwe, na hapa kwetu Texas mstari wao ni sabini. Sabini kushuka, unaishi. Othell kapata sabini na mbili.

Miaka ishirini na sita napika jikoni shuleni. Nimeona watoto wakilia kwa kukosa alama mbili. Sijaona mtu anayeuawa kwa kuzidisha.

Nilipokwenda kumtazama gerezani nilimwuliza, we Othell, ulifanyaje ule mtihani? Akacheka kwa raha. "Nilijitahidi, dada! Daktari alisema nijitahidi. Akanipa peremende."

Wakili wetu, Bi Fenwick, anasema tusikate tamaa, namba si kila kitu. Tutaonyesha jinsi Othell anavyoishi. Leo Othell kavalishwa tai. Alikuwa anatupungia mkono kila akigeuka, mpaka askari akamkaripia.

Jumanne, 8 Machi

Siku ya daktari wa serikali, Daktari Pruitt. Mtu mnene, mpole, sauti ya mchungaji. Alikaa na Othell kwa saa mbili na robo tu maisha yake yote, sasa anamjua kuliko sisi.

Ushahidi wake: karatasi za duka la gereza, zile wafungwa wanazojaza kuagiza sabuni na supu za paketi. Za Othell ni safi, hazina kosa. Tena kuna barua! Othell kamwandikia mama mmoja wa Uholanzi, wale wanaoandikiana na wafungwa, kuhusu upweke na rangi za machweo. Bwana Tarver, mwendesha mashtaka, aliisoma kwa sauti. Mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu akapangusa macho. "Je, huyu ni mtu asiye na akili?" Tarver akauliza.

Othell anasikiliza mdomo wazi. Ilimpendeza. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kuisikia.

Zile ni kazi za Lonzo! Lonzo wa chumba cha pembeni. Kila mtu kule ndani anajua. Othell anamrushia karatasi kwa uzi chini ya mlango, Lonzo anajaza, anarudisha, malipo paketi mbili za supu. Nikamnong'oneza Bi Fenwick: mwite Lonzo, aandike mbele ya jaji, mwandiko uonekane!

Akanitazama. Lonzo, akasema, walimdunga sindano ya kifo mwezi wa Novemba.

Basi. Shahidi wetu serikali imeshamwua, sasa inauliza shahidi wetu yuko wapi.

Jumatano, 9 Machi

Siku mbaya. Naandika kwenye gari, nina hasira, na hasira yenyewe sijui nimtupie nani.

Kanisa letu lote lilikuja kumtetea Othell. Kofia za Pasaka kabla ya Pasaka! Bi Fenwick akamwita Bi Verdell, mkuu wa akina mama, aeleze Othell alivyokuwa mtoto mwema. Aseme alikuwa mpole, ashuke. Basi.

Bi Verdell hajui kusema kidogo. Akasema Othell alikuwa mpole, mtiifu, alibeba viti. Kisha, kwa fahari: "Na alikuwa anatusomea Zaburi! Kila Jumapili ya pili, miaka tisa. Hakukosea hata neno moja. Kijana ana kichwa yule!"

Bwana Tarver nusura aruke kizimbani ambusu. Hakukosea hata neno moja, mama? "Hata moja!" Kuna kumbukumbu yoyote? Kwani Bi Verdell hutupa kitu? Ana karatasi za ratiba ya ibada zote, kwenye boksi la viatu, chini ya kitanda. *Msomaji: Ndugu Othell Gaines.* Kesho ataleta. Akashuka akitabasamu, akanibana bega: "Tumemsaidia, eh?"

Tumemsaidia kweli kweli.

Othell hajui kusoma. Hajawahi kujua. Mama alikuwa anamfundisha Zaburi kwa mdomo, Jumatatu mpaka Jumamosi, mstari kwa mstari, akiosha vyombo. Jumapili Othell anasimama na Biblia, mara nyingine ameishika kichwa chini. Watu wa mbele waliona. Wakasema Amina. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesema neno hata njiani wakirudi, na Bi Verdell kwa miaka mingi kasahau kuwa naye alikuwa anafunika.

Ratiba zile nilizipiga chapa mimi. Jina lake niliweka mimi. Nilijiona dada mwema.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi maradhi tuliyaficha vizuri mno, kifo kikaja kumwumbua mwingine.

Alhamisi, 10 Machi

Alfajiri nilikuwa jikoni kwa Mama. Anachambua mboga, hanitazami. Nikamwambia, Mama, ni wewe tu unayeweza kusema ulivyomfundisha.

"Nikasimame mbele ya kanisa niseme mwanangu zuzu?"

"Ndiyo."

"Naye kakaa pale ananitazama?"

"Ndiyo, Mama."

"Ardella, yule anaamini alikuwa anasoma."

Boksi la viatu limepokelewa mahakamani. Limepewa namba.

Ijumaa, 11 Machi

Mchana. Naandika kwenye benchi la korido.

Mama alipanda kizimbani saa tano. Miaka sabini na tisa, kofia ya zambarau, mgongo umenyooka. Bi Fenwick akaanza kwa upole: Othell alitembea lini? Alisema lini? Mama akajibu yote. Miaka mitatu. Miaka mitano. Mpaka leo viatu vya kamba hawezi. Kofia za akina mama wetu hazitikisiki.

Kisha: "Mama Gaines, je, Othell alikuwa anasoma zile Zaburi?"

Mama akamtazama Othell. Othell kakaa wima, tai imepinda, anatabasamu, kama mtoto anayesubiri jina lake litajwe kwenye zawadi. Dakika nzima. Bwana Tarver anachezea kalamu. Jaji akatazama saa, akasema tule kwanza, tutaendelea saa saba.

Tule! Nimemletea Mama mkate na kuku, hajagusa.

Sasa hivi wamempitisha Othell hapa koridoni, minyororo miguuni, askari wawili. Akasimama mbele yetu. Wakamwacha, sijui kwa nini, labda nao wana mama.

"Mama," akasema, "mbona ulinyamaza? Waambie! Waambie nilivyokuwa nasoma, wataniacha nirudi nyumbani."

Mama akamnyooshea tai.

"Haya, baba," akasema. "Haya."

Wamemwingiza. Mlango umefunguliwa, karani anaita jina la Mama. Amesimama. Amenipa mkoba nimshikie. Naacha kuandika, namfuata ndani.